Mila yao, mila yetu: namna ya kulinganisha sheria ukianzia Tunduma

Nikiwa mwaka wa pili chuoni niliandika insha ya kulinganisha urithi wa Kinyakyusa na urithi wa Kiingereza. Nilipata alama nzuri. Nikiisoma leo naona haya. Upande wa Waingereza nilijaza kesi, miaka na vifungu. Upande wa kwetu kila aya ilianza na "Wanyakyusa wanaamini kwamba". Hapakuwa na mwaka hata mmoja, wala mtu aliyegombana na mwenzake. Yaani Waingereza walikuwa na sheria, sisi tulikuwa na imani. Mwalimu hakunisahihisha, maana naye alifundishwa hivyohivyo.

Mwongozo huu ni wa mtu aliye pale nilipokuwa: mwanafunzi wa sheria wa Mbeya au Iringa anayehangaika na utafiti wa mwisho, au msaidizi wa kisheria anayejiuliza kwa nini ndugu wamepokea hukumu lakini hawaifuati. Unahitaji daftari, nauli na subira. Maktaba utaiendea, ila si ya kuanzia.

Hatua ya 1: Anza na ugomvi

Vitabu vya fani hii hupenda kuanza kwa kuigawa dunia katika koo za sheria. Kuna ukoo wa Kirumi na Kijerumani, kuna ukoo wa Kiingereza, halafu mwishoni kuna kapu la mabaki ambamo Afrika, Uislamu, India na China hutupwa pamoja kama nguo za mnada. Mgawanyo uliosomwa sana ni wa mwanasheria Mfaransa René David, wa mwaka 1964. Miaka michache kabla yake, huyo David ndiye aliyeandaa rasimu ya Kanuni ya Madai ya Ethiopia ya 1960, yenye ibara 3,367. Aliiandika kwa Kifaransa, na ibara mojawapo karibu na mwisho ilifuta mila zote katika mambo yanayoguswa na kanuni hiyo. Vijijini watu waliendelea kupatanishwa na wazee wao kama jana. Ukianza kazi yako na ramani ya namna hiyo, umeshakubali kwamba kapu la mwisho ndilo lako.

Kwa hiyo anza na ugomvi. Huu nitakaoutumia hapa nimeuunda mwenyewe kutokana na mambo yanayojirudia mpakani. Mfanyabiashara wa nafaka, mzaliwa wa Rungwe, anaishi Tunduma. Ana nyumba Tunduma, kibanda cha biashara ng'ambo ya pili Nakonde, Zambia, na shamba la migomba na kahawa nyumbani kwao jirani na Tukuyu. Ndoa yake ni ya kanisani. Anafariki bila wosia, anaacha mke, mabinti wawili na mtoto wa kiume wa darasa la tatu. Matanga yanaanuliwa. Kaka wa marehemu anamwambia mjane, "Shemeji, naomba funguo za kibanda." Mjane anajibu, "Funguo ninazo, shemeji. Tukae kwanza."

Yaandike maneno hayo kama yalivyosemwa. Shemeji ameomba funguo, hajasema chochote kuhusu umiliki. Huenda anajiona mlinzi wa mali ya watoto wa kaka yake. Huenda anataka kuuza mahindi yaliyomo na kutokomea. Bado hujui. Ukiandika tu kwenye daftari "mgogoro wa umiliki", umeshamjibia, tena kwa lugha ya watu wengine.

Wanasheria wawili Wajerumani, Zweigert na Kötz, walifundisha kwamba usilinganishe majina ya sheria, linganisha kazi zinazofanywa na sheria hizo. Ushauri huo una maana, na mimi huutumia. Kasoro yake ni pale unapodhani kuwa kila jamii ina matatizo yaleyale. Kwa wakili wa London tatizo ni "mali hii ni ya nani sasa?" Kwenye kile kikao cha Tunduma swali kubwa laweza kuwa "watoto watakaa na nani, na watakula nini?" Mjerumani mwenzao, Günter Frankenberg, aliandika mwaka 1985 akilalamikia hilohilo: mlinganishaji huchukua kwake kuwa kipimo, kisha akashangaa kwa nini wengine hawafikii kipimo.

Hatua ya 2: Fuatilia kila kanuni ilikopitia

Chukua karatasi nyingine. Chora mstari kwa kila sheria inayoweza kuugusa ugomvi huu, uandike ilitungwa wapi, mwaka gani, kwa ajili ya nani, na ilifikaje hapa. Kazi hii inachosha, lakini ndipo mambo yanapoanza kufurahisha.

Mstari wa kwanza unaanzia India. Mahakama zetu, zikitaka kujua mirathi ifuate sheria ipi, hupima namna marehemu alivyoishi na nia aliyokuwa nayo. Zikiona alishaacha maisha ya kimila, na si Mwislamu, huangukia kwenye Sheria ya Urithi ya India ya 1865. Hujasoma vibaya. Waingereza waliileta Tanganyika mwaka 1920 ndani ya furushi la sheria za India. Inampa mjane theluthi moja na watoto theluthi mbili, bila kubagua binti na mvulana. India yenyewe iliiweka kando mwaka 1925 ilipotunga sheria mpya ya urithi. Isitoshe, hata kule India haikutungwa kwa ajili ya Wahindu wala Waislamu. Hao waliachwa nje yake. Basi mama mjane wa Tunduma anapimwa kwa sheria iliyoandikwa na Waingereza, kwa ajili ya watu wachache wa India, na ambayo India imeshaisahau. Mtu akikuambia hiyo ndiyo "sheria ya kisasa" na ile nyingine ni "ya kienyeji", muulize kisasa cha nani.

Mstari wa pili ni tangazo la sheria za mila la mwaka 1963. Yanayotajwa sana ni mawili: GN (yaani Tangazo la Serikali) 279, na GN 436 inayohusu urithi na wosia. Hii ya pili inawapanga warithi kwa madaraja. Mtoto wa kiume mkubwa wa nyumba kubwa, yaani ya mke wa kwanza, yuko la kwanza, watoto wengine wa kiume la pili, mabinti la tatu. Mjane hapati fungu ikiwa marehemu ameacha ndugu wa ukoo. Fungu lake ni kutunzwa na watoto wake kama yeye alivyowatunza. Kabla ya kuinukuu, hakikisha wilaya unayoiandikia iliingizwa katika tangazo hilo. Nimeona wanafunzi wakilipachika kila mahali Tanzania Bara kana kwamba ni sare ya shule, wakati pale lisipotumika mila ya jamii husika inatakiwa ithibitishwe kwa ushahidi.

Mstari wa tatu unavuka mpaka. Zambia ilitunga mwaka 1989 sheria ya mirathi isiyo na wosia: watoto asilimia 50, mjane au mgane 20, wazazi wa marehemu 20, wategemezi wengine 10. Ardhi inayoshikwa kimila haimo. Kibanda cha Nakonde kinaweza kugawanywa kwa hesabu hiyo huku nyumba iliyo mita mia chache upande wa pili ikigawanywa kwa hesabu ya India ya 1865.

Mstari wa nne ni shamba la Tukuyu. Lipo kwenye ardhi ya kijiji, kwa hiyo linaingia chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Kifungu cha 20 kinabatilisha mila yoyote inayowanyima wanawake, watoto au watu wenye ulemavu haki ya kumiliki na kutumia ardhi. Soma mwenyewe kifungu hicho, kisha uliza kijijini kama kuna aliyewahi kukisikia.

Marehemu mmoja, mistari minne. Usiharakishe kuchagua mmoja uuite "sheria ya Tanzania".

Hatua ya 3: Iite sheria ya Kiingereza kwa jina lake

Hatua hii ndiyo niipendayo kuliko zote, na ndiyo walimu wengi huiruka.

Sheria inayoelekeza mahakama zetu zitumie nini inataja tarehe 22 Julai 1920. Pale sheria zetu zilipo kimya, tunaruhusiwa kuchota kwenye sheria ya majaji wa Uingereza na kwenye sheria za jumla zilizokuwa zikitumika huko siku hiyo. Sasa jiulize: siku hiyohiyo, Mwingereza mwenye ardhi akifa bila wosia, nani alirithi? Mtoto wake wa kiume mkubwa, peke yake. Wadogo zake wa kiume walitoka mikono mitupu. Dada zake walifikiriwa tu kama hakuna mtoto wa kiume kabisa. Utaratibu huo uliondolewa na sheria ya mwaka 1925 iliyoanza kutumika 1 Januari 1926.

Kwa maneno mengine, Waingereza walipotuletea tarehe yao, na walipokuwa wanatuandika kuwa tunabagua mabinti katika mashamba, kwao binti mwenye kaka alikuwa hapati ardhi hata kipande baba akifa bila wosia. Mila yao walikuja nayo ikiwa imevaa suti, ya kwetu waliikuta imevaa lubega.

Mfano mwingine ni ugoni. Wanafunzi wengi huandika kuwa kumdai mgoni fidia ni mila ya Kiafrika iliyopenya kwenye Sheria ya Ndoa ya 1971. Lakini nchini Uingereza mume aliruhusiwa kumdai fidia mwanamume aliyezini na mkewe kwa sheria ya 1857, na dai hilo likafutwa mwaka 1970. Sheria yetu imelibakiza, imelipanua limfae na mke, na inaruhusu pia kushtaki kwa kuvunja ahadi ya ndoa, jambo ambalo Waingereza nao walikuwa nalo hadi mwaka huohuo wa 1970. Sasa dai la ugoni mahakamani ni mila ya nani?

Fanya zoezi hili kabla hujaendelea. Andika aya moja kuhusu Waingereza kwa sauti ileile inayotumiwa kuwaandika Wahehe. Yangu ilikuwa hivi:

"Waingereza ni kabila la kisiwani, kaskazini-magharibi mwa Ulaya. Kwa mila zao, ardhi ya marehemu huchukuliwa na mtoto wa kiume mkubwa. Mashauri mazito husikilizwa na wazee wanaovaa nywele bandia za manyoya ya farasi na majoho. Wazee hao huamini kuwa maneno ya wazee waliowatangulia yanawafunga, hata kama wametangulia kwa miaka mia mbili. Lugha ya vikao ina maneno ya Kilatini na Kifaransa cha kale, na mtu wa kawaida humlipa mtaalamu amtafsirie."

Darasani watu walicheka mpaka wakafuta machozi. Halafu wakanyamaza, kwa sababu, kwa Uingereza ya 1920, hakuna uongo hata mmoja ndani yake. Baada ya hapo andika aya ya pili, kuhusu Wahehe au Wanyakyusa, kwa sauti inayotumiwa kwa Waingereza: nani anadai, kwa kanuni ipi, kuna kinga gani, nani anasikiliza, na hukumu inatekelezwaje. Ukikwama, kosa si la mila. Ni kwamba hujauliza vya kutosha.

Hatua ya 4: Uliza nani aliulizwa

Mila iliyoandikwa ina mwandishi, na mwandishi alikaa na mtu fulani, siku fulani. Enzi za Wajerumani, maofisa na wamisionari walipewa madodoso yaliyotungwa Ulaya ili wakusanye sheria za wenyeji. Maswali yalishajua majibu ya aina gani yanatakiwa: nani mkuu wa familia, mke hununuliwa kwa bei gani. Katika mradi wa kuunganisha mila uliozaa matangazo ya 1963, aliyeongoza kazi hiyo alikuwa Hans Cory, mzaliwa wa Vienna. Kwa nchi mbili zinazopakana nasi hapa, Zambia na Malawi, mwanahistoria wa sheria Martin Chanock ameonyesha kwamba kingi kilichoandikwa kama mila ya kale kilitokana na mazungumzo kati ya maofisa wa kikoloni na wazee wanaume waliokuwa na hofu ya kupoteza mamlaka juu ya wake na vijana wao. Wazee walisema yaliyowafaa, na afisa akaandika aliyoyaelewa.

Turudi kwa shemeji na funguo zake. Watafiti wa jamii Godfrey na Monica Wilson, mtu na mkewe, walikaa Unyakyusa katika miaka ya 1930. Waliyoyaandika yanaonyesha kuwa mali, hasa ng'ombe, ilikwenda kwanza kwa ndugu wa marehemu wa tumbo moja kabla ya kushuka kwa watoto, na ndugu huyo alichukua pia nafasi na mizigo ya marehemu. Kwa hiyo kuomba funguo kuna mantiki ya zamani ndani yake, na mantiki hiyo ina sehemu mbili: mali na mzigo. Mlinganishaji mvivu huandika nusu ya kwanza. Huyu shemeji ameshalipa ada ya shule? Hapo ndipo mila inapompima, na wanaukoo wanajua kumuuliza.

Kuhusu shamba mambo ni matamu zaidi. Utasikia Rungwe nzima kwamba shamba ni la ukoo tangu enzi za mababu. Lakini mababu hao waliishi katika vijiji vya rika. Vijana wa rika moja walitoka kwa baba zao wakajenga kijiji chao, na ardhi ilikwenda na kijiji na kiongozi wake, si na ukoo. Kahawa ndiyo iliyobadilisha mambo. Ukishapanda mti unaozaa miaka mingi, hutaki ugawiwe mtu wa rika lako. Unataka mwanao aurithi. Mtafiti mwingine wa jamii, Philip Gulliver, aliyachunguza mabadiliko hayo katika miaka ya 1950. Kwa hiyo "shamba la ukoo tangu zamani" huenda lina umri sawa na mche wa kahawa wa babu. Simaanishi kuwa dai ni la uongo. Namaanisha lina tarehe, kama sheria yoyote ile.

Ukienda kuuliza mwenyewe, haya yamenisaidia. Usiulizie maswali yako ofisini kwa mtendaji wa kijiji. Pale utajibiwa kiofisi. Nenda shambani au jikoni. Salamu kwanza, tena kwa lugha yao. Iringa ukitamka "kamwene" umeshapewa kigoda. Usiulize "mila yenu inasemaje kuhusu wajane?" Ukiuliza hivyo utapewa hotuba. Uliza "mara ya mwisho mwanaume kufa hapa mtaani bila wosia ilikuwa lini, na ile nyumba inakaliwa na nani leo?" Kisha nyamaza. Majibu ya swali la pili huja na majina, ugomvi, mbuzi aliyechinjwa kupatanisha na binti aliyerudi kutoka Dar kudai chake. Ongea na wanawake bila wanaume kuwepo. Ongea na waliohamia hapo kwa kuoa au kuolewa, maana hao huona kinachowashangaza. Majina ya watu yabaki kwenye daftari, yasifike kwenye andiko.

Hatua ya 5: Chokonoa maneno

Hapa nitapita haraka, ingawa mtu angeweza kuandika kitabu.

Kiswahili chetu cha sheria nacho kimesafiri. Sheria, mirathi, wosia, hakimu, mahakama, hata mila yenyewe, ni maneno yenye asili ya Kiarabu. Desturi ni ya Kiajemi. Usijidanganye kwamba ukiandika kwa Kiswahili tu umeshatoka nje ya mawazo ya wengine. Lakini maneno haya yameishi hapa muda mrefu na yamepata maisha yake. Haki kwetu ni kile unachostahili na pia ni uadilifu wenyewe. Kiingereza kimevigawa vitu hivyo viwili katika maneno mawili. Shauri ni kesi, ni ushauri, na ni kikao cha kujadiliana. Wajerumani walilipenda neno hilo wakaliandika Schauri, wakawa wanaliita hivyo kila afisa alipokaa bomani kusikiliza wenyeji. Neno likabaki lilelile, kikao kikawa cha mtu mmoja kuamua.

Mwaka 2021 sheria ilibadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Ni jambo kubwa. Ila ukitafsiri hukumu na kuacha mantiki yake palepale, mjane ataelewa maneno na bado hataelewa kwa nini ameshindwa. Maneno ya Kinyakyusa, Kihehe, Kibena au Kisafwa yaandike yalivyo, kisha ueleze kwa sentensi nzima. Usitafute neno moja la Kiswahili linalolingana nayo. Mara nyingi halipo.

Hatua ya 6: Piga hodi kwa jirani kabla ya kwenda London

Kwa nini kulinganisha kwetu kila mara kuwe ni sisi na Uingereza? Toka Kyela uvuke mto Songwe, utakutana na Wangonde wa Karonga, ambao ni ndugu wa Wanyakyusa kwa lugha na asili. Mto ukawa mpaka wa Wajerumani na Waingereza, sasa ni mpaka wa Tanzania na Malawi. Karibu watu walewale, bendera mbili. Malawi ilitunga mwaka 2011 sheria inayofanya kupora mali ya marehemu kuwa kosa la jinai. Kwetu shemeji mporaji kwa kawaida hukutana na mjane kwenye shauri la mirathi. Je, kumtishia jela kumebadilisha tabia, au kumewafanya ndugu waporie faraghani? Hilo ni swali la ulinganishi hasa, na nauli yake ni ya Kyela.

Ukienda mbali zaidi kusini, isome kesi ya Bhe ya Afrika Kusini, ya mwaka 2004. Mahakama ya Katiba ilifuta kanuni ya kimila ya mtoto wa kiume mkubwa kurithi yote. Kilichonivutia ni mabishano ya majaji wenyewe. Walio wengi, wakiongozwa na Jaji Langa, waliifuta kanuni na kuweka sheria ya bunge mahali pake. Jaji Ngcobo alikubali kuwa kanuni inabagua, lakini akataka mila iendelezwe ili binti naye aweze kurithi ndani yake. Wote walikubali kuwa mila iliyoandikwa vitabuni na mila watu wanayoishi ni vitu viwili. Mimi nipo na Ngcobo, japo najua nani angebaki kusubiri mila "iendelee" kukua. Usinifuate kwa sababu nimesema.

Na hapa naomba niwapitishe Kalenga, kwa sababu mtu wa Iringa akisoma sheria za kimataifa na asikutane na kijiji hiki, ameibiwa. Mkataba wa Versailles wa 1919, uliomaliza vita ya kwanza ya dunia, una ibara ya 246. Ibara hiyo inaitaka Ujerumani, ndani ya miezi sita, ilikabidhi fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe aliyepigana na Wajerumani. Imkabidhi nani? Serikali ya Mfalme wa Uingereza. Wahehe hawakutajwa kama wenye kudai. Babu yao alikuwa kitu kinachohamishwa kutoka mkono wa Mzungu mmoja kwenda wa mwingine. Miezi sita ikawa miaka zaidi ya thelathini. Fuvu lilirudi Kalenga mwaka 1954, likikabidhiwa na gavana Edward Twining. Mtoto wa gavana huyo, William Twining, alikuja kufundisha sheria Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1960, na baadaye akawa mmoja wa watu waliosema kwa sauti kubwa kwamba nadharia ya sheria ya nchi za Magharibi inajidanganya inapojiita ya dunia nzima. Ningependa kujua kama Iringa ilichangia.

Hatua ya 7: Usipake mila rangi ya dhahabu

Kuna kosa lingine, kinyume cha lile la insha yangu. Mtu akishagundua kuwa sheria ya Kiingereza nayo ni mila, huanza kuitetea kila mila ya kwetu kwa sababu tu ni ya kwetu. Mjane wa Tunduma hapati faida yoyote kwa hilo.

Wajane wawili wa Tanzania walikwenda Mahakama Kuu kupinga zile kanuni za urithi za 1963. Mwaka 2006 mahakama ilikubali kuwa kanuni zinabagua, lakini haikuzifuta. Wakaenda mpaka kwenye kamati ya Umoja wa Mataifa ya kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake, ambayo mwaka 2015 ilisema haki zao zilikiukwa. Kabla yao kuna kesi ya mwaka 1990 ya Holaria Pastory, mwanamke wa Kihaya aliyeuza ardhi aliyoirithi, na mpwa wake akadai mwanamke hana ruhusa ya kuuza ardhi ya ukoo. Jaji Mwalusanya, Mwanza, alimpa haki. Zisome kesi hizi pamoja na swali hili mkononi: nani alisema kwa niaba ya mila, na alikuwa na masilahi gani? Katika kesi kama hizi anayesema "hivi ndivyo tulivyo" huwa ni yule anayefaidika. Wanawake waliokwenda mahakamani nao walikuwa watu wa mila hiyohiyo. Hawakutumwa na Ulaya.

Hatua ya 8: Rudi na ulichoandika

Ukimaliza rasimu, usiipeleke kwa msimamizi kwanza. Irudishe kwa watu uliowauliza. Tafsiri hitimisho kwa Kiswahili cha kawaida, kurasa mbili au tatu zinatosha, na uwasomee kwa sauti. Utashangaa. Mimi niliwahi kuandika kuwa ndugu "walimnyang'anya" mjane shamba, na bibi mmoja akanikatiza: "Mwanangu, hawakunyang'anya. Walimkopa. Ila hawajarudisha." Neno hilo moja lilinilazimisha kuandika upya ukurasa mzima, kwa sababu mkopo una tarehe ya kurudisha, na mwenye kukopesha bado ni yeye.

Andika pia wewe ni nani katika kazi hiyo: ulitoka wapi, unazungumza lugha gani, nani alikutambulisha, nani alikataa kuongea nawe. Msimamizi akikuambia hayo si ya kisheria, mwonyeshe aya yako ya Waingereza.

Nakala moja ibaki kwa mwenyekiti wa kitongoji. Ichapishe kwa herufi kubwa. Wengi watakaoisoma wameacha miwani nyumbani.